Chungu, Kimera na Mpaka: Historia ya Uchachushaji wa Nyumbani Busia na Tororo

Uchachushaji ni ufundi wa kukiacha chakula kwa makusudi kishughulikiwe na vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, hamira na kuvu, hadi ladha yake, harufu yake na hata kemia yake vibadilike. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kuanzia Ujerumani na Poland hadi Korea, ufundi huu ulikuwa kwanza kabisa njia ya kuweka akiba: kabichi ilivunwa kabla ya theluji, ikakatwakatwa, ikatiwa chumvi na kushindiliwa ndani ya pipa au mtungi, nayo ikaliwa miezi mingi baada ya mashamba kuganda. Katika ukanda wa Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako majani mabichi hupatikana karibu mwaka mzima, hapakuwa na sababu ya namna hiyo, na kwa hiyo historia ya vyungu vya huko ilichukua njia nyingine. Nafaka ilihifadhiwa ikiwa kavu ghalani. Ilipotiwa chunguni, ilitiwa ili itumike, igawanywe na kumalizwa katika muda wa siku chache, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kualikwa. Tofauti hiyo kati ya kuchachusha ili kuweka na kuchachusha ili kutumia ndiyo inayoeleza mengi yaliyotokea baadaye, serikali, kodi na sheria zilipoingia kati ya mwenye chungu na wageni wake.

Ukanda wenyewe ni nchi ya vilima vifupi na mabonde yenye mafunjo, iliyo kati ya Ziwa Viktoria upande wa kusini na Mlima Elgon upande wa kaskazini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nayo hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Wanaishi humo Wasamia, Wagwe, Wakhayo na Wamarachi, ambao lugha zao ni za jamii ya Kiluhya; Wajopadhola wa Tororo, ambao ni ndugu wa Waluo; na Wateso, ambao lugha yao ni ya jamii moja na Kikaramojong na Kiturkana. Wateso walitokea kaskazini, katika nyika za Karamoja, wakashuka hatua kwa hatua kupitia Usuku na Kumi, na baadhi yao, katika karne za 18 na 19, wakasonga kusini zaidi hadi Tororo na kuvuka Mto Malaba kufika vilima vya Amukura, wakatenganishwa na ndugu zao wa kaskazini na jamii za Kibantu zilizokuwa katikati. Watu hawa waliotoka kwenye ufugaji walijikita katika kilimo, na zao lililobeba maisha yao mapya lilikuwa wimbi.

Wimbi ni nafaka ya punje ndogo nyekundu au kahawia, iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Sifa yake inayohusika hapa ni kwamba punje zake ni ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu wa ghalani huzishambulia kwa nadra, hivyo wimbi lililokaushwa vizuri hudumu miaka mingi bila kuharibika. Mwenye ghala la wimbi hakuhitaji kulichachusha ili lisioze. Alihitaji kitu kingine, nacho ni njia ya kuigeuza nafaka iliyolala ghalani kuwa nguvu kazi, heshima na ujamaa, na njia hiyo ilipita chunguni.

Kinywaji kilichopatikana huitwa ajono kwa Kiteso, kongo kwa Wajopadhola, na malwa au amalwa kwa majirani wa jamii ya Kiluhya; jina la malwa ndilo lililosafiri mbali zaidi hadi Kampala. Utengenezaji wake una njia mbili zinazokwenda sambamba na kukutana mwishoni. Katika njia ya kwanza, unga wa wimbi huchanganywa na maji kidogo hadi uwe bonge zito, kisha huwekwa ndani ya gunia au majani na kufukiwa shimoni, au kufungiwa ndani ya chombo, kwa muda wa wiki moja hivi. Humo gizani bakteria wanaozalisha asidi ya laktiki, ambao ni wa ukoo uleule wa wale wanaochachusha kabichi na maziwa, huongezeka na kuufanya unga uwe mchachu, na uchachu huo huzuia vijidudu waharibifu. Bonge hilo hufukuliwa, humenywa sehemu za juu zilizoota ukungu, humegwamegwa na kukaangwa juu ya bati pana, ambalo kwa kawaida ni pipa lililopasuliwa na kunyooshwa, huku mpishi akiligeuza kwa koleo au mti mrefu kwa sababu ya moto na moshi, hadi chembe ziwe na rangi ya kahawia iliyoiva na harufu inayofikia nyumba za jirani.

Njia ya pili ni ya kimera, yaani nafaka iliyooteshwa. Wimbi huloweshwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa gunia lenye unyevu au majani ya mgomba, na baada ya siku mbili au tatu huchipuza vimizizi vyeupe vinavyoshikana kama mkeka. Hapo huanikwa juani na kusagwa. Kuchipuza huko si jambo la sura tu. Mbegu inayoota hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazovunja wanga kuwa sukari ili mche upate chakula, na mtengenezaji wa ajono huisimamisha mbegu wakati huohuo, vimeng'enya vikiwa tele na sukari ikiwa bado haijaliwa na mche. Unga uliokaangwa una wanga uliolainishwa kwa joto, na kimera kina vimeng'enya pamoja na hamira zilizoshika kwenye punje. Vikikutanishwa na maji ndani ya chungu, vimeng'enya huvunja wanga kuwa sukari na hamira huichachusha. Baada ya siku tatu hadi tano mchanganyiko hutokota wenyewe bila moto, viputo vikipasuka juu ya tope la kahawia, na wenye uzoefu hujua kwa harufu na kwa sauti hiyo kwamba umefika. Ni vyema kukumbuka kwamba haya yote yalifanywa, na bado hufanywa, bila kipimajoto, bila kipimo cha asidi na bila hamira ya dukani, na kwamba kwa kawaida aliyeyafanya alikuwa mwanamke, ambaye wimbi la ghala lake lilikuwa mali aliyoitolea hesabu mwenyewe.

Ajono hailetwi mezani ikiwa imechujwa. Tope lililochacha huhamishiwa katika chungu cha kunywea, humiminiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka chungu hicho, kila mmoja na mrija wake mrefu wa mmea wenye uwazi ndani, ambao ncha yake huvikwa kichujio kilichofumwa ili machicha yasipande. Maji ya moto huongezwa tena na tena, na kila mara huondoka na sehemu ya kileo na ladha iliyobaki, hadi kinywaji kiwe chepesi na wageni waelewe kwamba shughuli imekwisha. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi miongoni mwa Wateso wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na kurudi katika miaka ya 1970, aliandika mwaka 1980 uchambuzi mashuhuri wa unywaji huo, akionyesha kwamba mduara wa chungu ulikuwa na adabu zake kali: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, mtu hapulizi viputo ndani ya chungu, na mkwe wa kiume hanywi katika chungu kimoja na mama mkwe wake. Kwa kuwa wote hunywa kutoka chombo kimoja, kukaa kwenye mduara kulikuwa ushahidi wa kuaminiana, na kukataa mwaliko kulikuwa tamko zito. Hata jina la mtoto lilipitia humo: bibi alichovya kidole katika ajono, akamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya ukoo, na jina ambalo mtoto alilikubali kwa kunyonya ndilo alilopewa.

Upande wa kazi ulikuwa na uzito sawa na upande wa heshima. Palizi na mavuno ya wimbi huhitaji mikono mingi kwa siku chache, na hakuna nyumba iliyoweza kuwa na mikono hiyo peke yake; aliyehitaji majirani alitengeneza ajono kwanza, akawaalika shambani asubuhi, na jioni wakakaa kwenye chungu. Kwa namna hiyo nafaka ya mwaka uliopita ililima nafaka ya mwaka uliofuata. Mtu aliyenywa kwa wenzake bila kuwahi kuwaalika alijulikana, na hakusahauliwa. Itakuwa kosa, basi, kuuita utaratibu huo ulevi wa kijijini, kama wengi wa wageni walioandika taarifa za mwanzo za utawala walivyoelekea kufanya. Ulikuwa mfumo wa malipo, na kama mifumo yote ya malipo ulikuwa na wadai na wadaiwa.

Mpaka uliingia katika nchi hii kwa kalamu kabla ya kuingia kwa walinzi. Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Uganda mwaka 1894, na mwanzoni eneo lililoitwa Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika hadi karibu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari mpya ukawaacha Wasamia, Wateso na majirani zao baadhi huku na baadhi kule. Amri ya kifalme ya mwaka 1926 iliuthibitisha mstari huo, unaofuata kwa sehemu kubwa mito ya Sio, Alupe, Malaba na Lwakhakha hadi Mlima Elgon. Upande wa Uganda, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alikuwa amekwisha kuiteka nchi ya Bukedi, yenye Tororo ndani yake, kuanzia mwaka 1899 na kuweka mawakala wa Kiganda. Upande wa Kenya, utawala uliojijenga Mumias tangu mwaka 1895 chini ya C. W. Hobley ulitegemea machifu wa Kiwanga. Kote kuwili kodi ya nyumba ilidaiwa, na kodi haikulipwa kwa ajono.

Kuanzia hapo chungu kilianza kudhibitiwa kwa maandishi. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1912 nchini Kenya iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kuwekea mipaka utengenezaji wa vileo vya kienyeji, na uwezo huo haukufa na ukoloni, kwani ulirithiwa na Sheria ya Mamlaka ya Machifu iliyotumika kwa miongo mingi baada ya uhuru. Chifu aliweza sasa kumwambia mwanamke ni siku gani atengeneze pombe na ni siku gani asitengeneze, na mara nyingi amri ziliangukia majira ya kilimo, kwa hoja kwamba watu wangekunywa badala ya kulima. Hoja hiyo ilishindwa kuona kwamba katika utaratibu wa zamani watu walilima kwa sababu ya chungu. Wamisionari, Wakatoliki wa Mill Hill na Waprotestanti wa CMS, hawakuwa na msimamo mmoja: wa kwanza kwa kawaida walikemea ulevi bila kukataza kinywaji chenyewe, ilhali wa pili, na hasa uamsho wa Balokole ulioenea Uganda kuanzia miaka ya 1930, walimtaka aliyeokoka auache mrija kabisa. Mkristo wa namna hiyo, alipokosekana kwenye mduara, alilazimika kutafuta wafanyakazi kwa fedha taslimu.

Fedha taslimu zenyewe zilikuja na pamba na reli. Pamba ilienea Bukedi na Teso mwanzoni mwa karne ya 20, na reli iliyotoka Eldoret ikavuka Malaba na kufika Tororo mwaka 1928 kabla ya kuendelea Jinja na, mwaka 1931, Kampala. Tororo ukawa mji wa makutano, wenye wafanyakazi wa reli, wachuuzi, na wenye maduka wa Kihindi, ambao walileta namna yao wenyewe ya kuweka vyakula, yaani achari za maembe na ndimu zilizotiwa chumvi, pilipili na mafuta. Katika miji ya namna hiyo ajono ilipata bei. Mwanamke mjane au aliyeachika, asiye na shamba la kutosha, aliweza kununua wimbi sokoni, akatengeneza chungu na kukiuza kwa wanywaji waliolipia mrija, na fedha hizo zikalipa karo. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko inavyoonekana mara moja, kwa sababu mduara ulioundwa na ujirani ukawa mduara ulioundwa na malipo, ingawa adabu za mrija zilibaki vilevile.

Wakati huohuo nafaka zenyewe ziliachana. Katika Kavirondo Kaskazini, upande wa Kenya, utawala ulisambaza mbegu za mahindi meupe tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na mahindi yakachukua mashamba ya wimbi haraka kuliko yalivyofanya upande wa Uganda. Kutokana na hayo busaa ilistawi katika nchi ya Waluhya ikiwa pombe ya unga wa mahindi: unga huchachushwa siku mbili au tatu, hukaangwa batini, huchanganywa na maji na kimera cha wimbi, na baada ya siku chache nyingine huchujwa na kunywewa katika kikombe, ikiwa na kileo cha asilimia 2 hadi 4 hivi. Uchunguzi wa kimaabara uliochapishwa na M. J. R. Nout mwaka 1980 ulionyesha kwamba uchachu wake hutokana na bakteria wa laktiki na kileo chake hutokana hasa na hamira ya jamii ya ile ya mkate. Kwa hiyo anayetembea leo kutoka Tororo kwenda Butula hupita kutoka nchi ya mrija hadi nchi ya kikombe, na mpaka kati ya hizo mbili haufuati kabila peke yake, wala dola peke yake. Unafuata pia historia ya mbegu.

Muhogo ulileta uchachushaji wa aina ya tatu. Zao hili lililotoka Amerika ya Kusini lilisukumwa kwa nguvu na serikali zote mbili baada ya nzige na njaa za mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930, kwa kuwa nzige hawafiki mzizi ulio ardhini. Lakini aina nyingi zilizostahimili ukame zilikuwa chungu, na uchungu huo ni dalili ya linamarini, kemikali ambayo muhogo unapokatwa huachia sianidi, sumu kali. Jibu la akina mama wa ukanda huu lilikuwa kuumenya muhogo, kuuanika kidogo, kisha kuulundika pembeni mwa nyumba na kuufunika kwa majani au magunia kwa siku tatu hadi tano. Lundo hupata joto, kuvu nyeupe, nyeusi na za rangi ya chungwa huota juu ya vipande, na nyuzi zao hulainisha mzizi kiasi kwamba kimeng'enya cha muhogo wenyewe huifikia linamarini na kuivunja, sumu ikapotea hewani wakati wa kukwangua ukungu, kumegamega na kuanika. Unga huo husagwa pamoja na wimbi au mtama na kupikwa kuwa atapa, ugali wa Wateso wa rangi ya kahawia wenye harufu ya uchachu ambayo mgeni huishangaa na mwenyeji huikosa akiwa mbali. Kuna sababu ya kufikiri kwamba bila muhogo ajono isingeweza kuwa biashara: mzizi ulipochukua nafasi ya kushibisha, wimbi lilipata nafasi ya kwenda chunguni. Uhusiano huo ulijaribiwa vikali pale ugonjwa wa batobato, unaotokana na virusi vinavyosambazwa na nzi weupe, ulipoenea kutoka Uganda ya kati mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia magharibi mwa Kenya kufikia mwaka 1995. Mashamba yalikauka, na muhogo ulirejea tu baada ya vituo vya utafiti vya Namulonge upande mmoja na Alupe upande wa pili kusambaza aina zenye ukinzani.

Kabichi inastahili kuzungumziwa hapa, kwa sababu ndiyo mboga ambayo mahali pengine duniani ingekuwa ya kwanza kuchachushwa. Ilifika Afrika Mashariki pamoja na wamisionari na walowezi, ikapenda baridi ya miteremko ya Elgon, na kutoka huko hushuka kwa malori hadi masoko ya Mbale, Tororo na Busia, ambako mvua zinapokuwa nzuri hujaa kupita mahitaji na kuozea sokoni. Kisayansi hakuna kizuizi: kabichi iliyokatwa nyembamba na kuchanganywa na chumvi ya asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake hutoa maji yake yenyewe, na ikishindiliwa izame ndani ya maji hayo, mbali na hewa, bakteria walio kwenye majani yake hufanya kazi bila kuongezwa chochote. Tatizo ni joto. Kabichi ya Ulaya huchachuka polepole kwa wiki kadhaa kwenye nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, bakteria wa jamii ya Leuconostoc wakitangulia na wale wa jamii ya Lactobacillus wakifuata. Katika joto la mchana la Busia, linalokaribia nyuzi 30, wa pili huwapiku wa kwanza mapema, kazi huisha kwa siku chache, na mboga hutoka kali na laini kuliko inavyotakiwa, isipokuwa chombo kimewekwa mahali penye ubaridi, kama sakafu ya udongo ya nyumba yenye kivuli.

Hata hivyo wenyeji walikuwa na njia yao ya kuyatuliza majani. Mboga chungu za kienyeji, kama vile mnavu na saga, zilipikwa pamoja na maji yaliyochujwa kwenye majivu, ambayo ni chumvi ya kienyeji yenye magadi, kisha zikatiwa maziwa na kuachwa chunguni. Kesho yake zilipashwa moto na kuongezwa maziwa tena, na siku ya pili au ya tatu uchungu ulikuwa umepungua na uchachu mwepesi umeingia; wengi waliziona mboga za siku ya kwanza kuwa hazijafaa kupewa mgeni. Katika chungu hicho maziwa yalifanya sehemu ya kazi ambayo kwingine hufanywa na chumvi, na hilo linaeleweka kwa watu ambao chumvi safi ya kununua ilikuwa adimu kwao na ng'ombe walikuwa karibu. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Kenya na Ujerumani wamechachusha mnavu na sukuma ya Kiafrika katika maji ya chumvi kwa kutumia bakteria waliotolewa katika maziwa ya kuganda ya Wamasai, jambo ambalo bibi wa Amukura asingeliona geni sana, isipokuwa pengine kwa gharama yake.

Baada ya uhuru, sheria zilijishughulisha zaidi na vinywaji vya kukeneka, yaani vile ambavyo pombe huchemshwa na mvuke wake kupozwa hadi utone ukiwa mkali. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, ikitaka kila mkenekaji awe na leseni na kinywaji chake kipelekwe kiwandani kusafishwa, na waragi ya chupa ikazaliwa humo. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980. Ajono na busaa zilibaki katika eneo la kijivu, zikivumiliwa mwaka huu na kumwagwa mwaka ujao, kutegemea chifu na polisi. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, viwanda vya Uganda vilidhoofika, magendo yakawa maisha ya Busia na Malaba, na chungu cha nyumbani kikaziba pengo la bia ya chupa iliyoadimika. Watu wa mashariki waliohamia Kampala walikwenda na mirija yao, na mduara wa malwa wenye mwenyekiti, mweka hazina na faini za utovu wa nidhamu ukawa taasisi ya mitaa ya jiji.

Viwanda navyo viliifuata nafaka ya chunguni. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilianza kuuza Eagle, bia ya mtama wa Epuripur uliozalishwa na kituo cha utafiti cha Serere katika nchi ya Wateso, na mwaka 2004 Kenya ikapata Senator, bia ya pipa iliyopunguziwa kodi ili iwavute wanywaji wa pombe haramu. Kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha: ilifuta marufuku ya chang'aa na sheria ya zamani ya pombe za kienyeji, lakini ikaweka leseni, saa za kuuza, na masharti ya ufungaji yaliyoandikwa kwa kufikiria chupa ya glasi. Ni vigumu kusoma masharti hayo bila kutabasamu ukikumbuka chungu ambacho kinywaji chake hakipo bado mpaka maji ya moto yamiminwe mbele ya mnywaji. Pigo kubwa zaidi kwa mduara, hata hivyo, lilitokana na maradhi. Uganda ilifunga baa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Uviko na haikuzifungua hadi Januari 2022, na katika kipindi hicho, huku madereva wa malori wakipanga foleni ndefu Malaba na Busia kusubiri kupimwa, vichwa kumi juu ya chungu kimoja vilikuwa picha ambayo hakuna afisa wa afya aliyeweza kuivumilia. Wengine waliona suluhisho katika kumpa kila mnywaji chombo chake kidogo, na wazee walilalamika kwamba huko ni kunywa peke yako mbele ya watu.

Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kizinduliwe rasmi mwezi Februari 2018, mizigo mikubwa hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili, na wachuuzi wadogo wana utaratibu uliorahisishwa kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Wimbi na mtama wa Uganda huvuka kwenda Kenya kwa magunia na kwa baiskeli, na upande wa Kenya hupimwa upya kwa gorogoro, kopo la kilo mbili ambalo ndilo mizani ya soko. Pembeni mwa mafungu ya nafaka, wanawake huuza kimera kilichokwisha kukaushwa, kwa ajili ya wale wasio na nafasi ya kuotesha wenyewe. Mnunuzi hutafuna punje chache kabla ya kulipa, akitafuta utamu, na asipoupata hulirudisha fungu na kwenda kwa muuzaji anayefuata.